Kibanda umiza cha Mwanga: mpelelezi wa London kwa 500, na mtafsiri asiyekubali muuaji akimbie

Mgongo bado unaniuma maana benchi halina egemeo na picha ilienda karibu masaa matatu ukiweka na umeme kukatika, ila naandika saivi kabla hasira hazijaniisha na utamu haujaniisha, maana jana nimetoka pale na vyote viwili.

Kibanda chenyewe hakina jina. Kiko Mwanga, hapa Kigoma, ukitoka sokoni ulizia mashine ya kusaga, ukifika mashine ulizia kwa mtafsiri, mtoto yeyote anakupeleka. Mabati juu, maturubai meusi pembeni, mabenchi ya mbao kama kumi na mbili, feni moja inayozunguka kwa huruma, tv kubwa ya flati mbele na chini yake ile tv ya zamani ya chogo ambayo saivi kazi yake ni meza ya spika. Picha 500, mechi ya watani 1000. Mlangoni wameandika watoto hawaruhusiwi usiku, nikahesabu watoto sita wamekaa chini mbele kabisa shingo juu kama vifaranga.

Kilichonipeleka ni mdogo wangu wa kiume, wiki nzima ananisumbua dada njoo umsikie huyu jamaa. Maana siku hizi picha za kutafsiriwa zinakuja tayari kwenye flashi, sauti imesharekodiwa huko Dar, mwenye kibanda kazi yake kuchomeka tu na kukusanya hela. Huyu anatafsiri laivu. Anakaa kwenye stuli pembeni ya tv, hedifoni sikio moja, maiki mkononi, anasikia Kiingereza anatema Kiswahili hapohapo, sauti ya mwanamke yeye, ya mzee yeye, ya farasi yeye. Mtindo wa zamani kabisa, mimi nilidhani umeshakufa.

Na jana ubaoni wakaandika kwa chaki MPELELEZI TAJIRI NA MCHINJAJI WA LONDON, SAA 2 USIKU, HAKUNA KULALA. Jina halisi la picha sijalijua mpaka sasa maana flashi ilianza katikati ya majina ya mwanzo. Mimi mambo ya upelelezi ni ugonjwa wangu tangu nasoma vitabu vya Bwana Msa na kiko chake pale maktaba ya shule, nikasema hapa leo hata wakinikalisha kwenye ndoo nakaa.

Kwa asiyejua, London mwaka 1888 kulikua na muuaji kweli, siyo hadithi. Mtaa wa Whitechapel, upande wa mashariki wa mji, uswahilini kwao yaani, watu wanalala nyumba za kulala wageni kitanda kimoja peni nne kwa usiku. Kati ya tarehe 31 Agosti na 9 Novemba waliuawa wanawake watano ambao wengi wanakubaliana ni mkono wa mtu mmoja, wanne kati yao nje, usiku au alfajiri. Jina Jack the Ripper lilitoka kwenye barua iliyosainiwa hivyo, magazeti yakalisambaza, na mpaka leo hajajulikana ni nani. Sasa waandishi na watu wa sinema toka zamani wanapenda kumtupia kesi hiyo mpelelezi wa kubuni, yule bwana wa kiungwana, suti, glavu, kofia ndefu kama bomba la jiko, fimbo yenye kichwa cha fedha, halipwi na mtu, anafanya kwa kupenda kutumia akili, na pembeni ana rafiki yake daktari wa kumshangaa shangaa. Ndo picha yetu ya jana.

Nianze na mazuri. Huyu mtafsiri anajua. Kale kagari ka farasi ka kukodi ka London, magurudumu mawili, abiria mbele na dereva kakaa juu nyuma, jamaa akakaita bajaji ya farasi, na ukifikiria ndo chenyewe kabisa, ningepewa mimi kutafsiri ningehangaika nusu saa. Ukungu ulivyotanda akasema leo London imekua Manyovu asubuhi, banda zima likacheka na likaelewa baridi yake. (Ule wa London ukungu wake ulichanganyika na moshi wa makaa ya mawe kwenye kila bomba la nyumba, ulikua unatia weusi mpaka kola ya shati, ila sawa, Manyovu inatosha.) Mto Thames akauita ziwa, mvuvi mmoja nyuma yangu akauliza lina migebuka, mtafsiri bila kugeuka akajibu kwa sauti ya daktari, "hapana bwana, maji haya hata chura kahama." Na hapo bila kujua kasema kweli, maana Thames ya karne ile ilinuka kiasi kwamba mwaka 1858 wabunge wao walishindwa kukaa vizuri bungeni kwao kwa harufu.

Shida ikaanza kwenye steringi. Watu wa kibanda umiza mnawajua, steringi ni wa kupiga, akiingia tu watu wanasubiri teke. Huyu kaingia kavua glavu, kaangalia maiti, kainama, kanusa, kapima hatua kwa fimbo, kanyamaza. Dakika arobaini hajampiga mtu hata kofi. Kijana mmoja wa bodaboda akashindwa kuvumilia akauliza kwa sauti "steringi ni yupi sasa, au ni yule farasi?" Hapo ndo nikaona kazi ya mtafsiri. Pale kwenye picha mpelelezi alikua anamwambia daktari kitu kirefu kuhusu tope kwenye kiatu cha mteja aliyeingia, kwamba katokea upande gani wa mji. Jamaa hakutafsiri neno kwa neno. Akasema, "Daktari, huyu mtu tope lake jekundu, Gungu halipatikani hilo, huyu katoka Kasulu, tena kashuka njiani kuchimba dawa upande wa kushoto wa gari." Banda likalipuka. Na toka hapo watu wakaelewa mchezo, kwamba huyu steringi ngumi zake ziko machoni, wakaanza na wao kupeleleza. Yule wa bodaboda akanigeukia akaniambia "dada wewe leo umetoka Ujiji," nikamuuliza umejuaje, akasema una doa la mawese kwenye mkono wa gauni na kibegi chako kina mchanga wa mwaloni. Nilikua nimetoka Ujiji kweli kwa mamdogo. Sikumpa sifa, ila nilikaza kibegi changu vizuri.

Kuna sehemu moja ilinichekesha peke yangu. Mpelelezi na daktari wanamfuata mtu, wanashuka ngazi, wanapanda treni chini ya ardhi, moshi kibao. Mtafsiri akasema "wanapanda treni inayopita chini ya ardhi," banda zima likamzomea, muongo huyo, treni chini ya ardhi mwaka huo wapi, mzee mmoja wa makamo ambaye kumbe kafanya kazi reli miaka na miaka akasimama kabisa akasema hapa reli yenyewe ya juu ya ardhi imefika 1914, wewe unatuambia 1888 wako chini? Jamaa ikabidi arudi nyuma aseme basi ni handaki fupi tu la kupita mlima. Jamani. Ile treni ilikuwepo. London walianza kupanda treni ya chini ya ardhi mwaka 1863, tena za injini ya moshi, watu wanakohoa humo mpaka wanatoka. Yaani mara moja usiku ule kasema ukweli mtupu bila chumvi ndo wakamzomea, nadhani hilo somo alilishika maana angalia alichokuja kufanya mwishoni.

Sasa nije kwenye kilichoniudhi, na hapa sitamung'unya maneno.

Maiti ya kwanza kwenye picha ni mwanamke anaitwa Polly. Huyu alikuwepo kweli, Mary Ann Nichols, miaka 43, watoto watano, usiku ule alifukuzwa nyumba ya kulala kwa sababu hana peni nne za kitanda. Akatoka kuzitafuta. Alfajiri akakutwa barabarani kauawa. Picha inaonyesha hiyo sehemu vizuri tu, anajaribu kumbembeleza msimamizi, anaonyesha kofia yake mpya. Mtafsiri yeye kafanya nini, kamfanya kichekesho. Sauti ya pua, matusi matusi, kimwana wa usiku, anajiuza bei ya kashata, na banda likacheka, na wale watoto sita wakacheka. Alivyochinjwa bado kuna watu wanamalizia kucheka. Mimi nikawa nimekaa pale mwanamke peke yangu benchi la nne, mdogo wangu anaangalia chini, nikahisi joto limenipanda mpaka masikioni. Wanahistoria wenyewe wanabishana mpaka leo kama wote watano walikua wanajiuza, na hata kama, wanne kati yao walikua wameshapita miaka 40, mama zetu hao, walevi wengine, wameachika, wanaosha nguo na kuuza vitu vidogo vidogo ili wapate pa kulala. Muuaji hakuchagua malkia, alichagua ambaye hakuna wa kumuulizia asubuhi.

Nilikua nakusanya ujasiri wa kusema, kumbe kuna mtu kanitangulia. Mlangoni pale kuna mama anauza kahawa na kashata, kila usiku yupo, anaona nusu ya tv kupitia upenyo wa turubai. Akaita tu kutoka alipokaa, wala hakupaza sauti sana, "We mwanangu, huyo mama kakosa hela ya kulala. Unamcheka nini?"

Kimya. Feni ndo ilisikika. Jamaa akashika maiki akaishusha, akaipandisha tena, akasema "samahani mama," kwenye spika, kwa sauti yake mwenyewe ambayo usiku kucha hatukua tumeisikia. Picha ikaendelea yenyewe dakika nzima kwa Kiingereza. Na toka hapo kabadilika, alivyofika mwanamke wa pili hakumpa sauti ya pua, na kwa wa tatu akasema innalillahi wainna ilaihi rajiun, mzungu wa Whitechapel huyo, na wazee wawili mbele wakaitikia. Sijawahi kuona kitu kama hicho kwenye kibanda. Kwa hiyo kosa nimemuandikia na kujirekebisha nimemuandikia, msije mkasema nimeegemea upande.

Alafu umeme ukakatika. Sehemu nzuri kuliko zote, mpelelezi kaingia kwenye klabu ya wakubwa, kuna watu wanne mezani mmoja wao ndo anayemtafuta, pwaa, giza. Jenereta lipo ila petroli haikuwepo, kijana akatumwa na kidumu. Kama dakika thelathini na tano. Hili ni la kulalamikia kabisa, mtu anakusanya 500 za watu zaidi ya hamsini anashindwaje kuweka lita mbili za akiba? Kigoma hii tuliyokua tunaishi kwa majenereta miaka yote, mtu hajajifunza tu?

Lakini niwe mkweli, zile dakika thelathini na tano ndo zilikua tamu kuliko picha. Watu hawakutoka. Kahawa ikapita gizani, simu mbili tatu zikawashwa tochi, na banda zima likawa ofisi ya upelelezi. Yule wa bodaboda akasema ni daktari, tena huyuhuyu rafiki yake mpelelezi, ana begi kila mahali anaenda nalo, mtu wa begi usimwamini. Wengi wakaunga mkono. Mvuvi wa nyuma yangu, anatokea Kibirizi, akakataa, akasema mnasema daktari kwa sababu kakata kwa ufundi gizani, mimi nikipewa mgebuka gizani sikosei mfupa na shule nimeishia la nne, muuaji anaweza kuwa mtu wa kisu tu, mchinja ng'ombe, muuza samaki. Nilitamani kumkumbatia. Maana huo ubishi ndo uliokuwepo London yenyewe, madaktari wa polisi wenyewe hawakukubaliana, mmoja anasema huyu anajua mwili wa binadamu, mwingine anasema hana hata ujuzi wa mchinjaji. Mvuvi kafika hapo bila kusoma chochote.

Mzee wa reli yeye alikua na hoja ya uzembe. Akauliza polisi walikua wapi, mji mkubwa vile? Hapo nikashindwa kunyamaza nikawaambia, kwa sababu nimelisoma sana hili, kwamba polisi walikua wa aina mbili, wa mji mzima na wa kile kipande cha katikati kinaitwa City, kila mmoja na mkubwa wake na mipaka yake. Usiku wa tarehe 30 Septemba muuaji aliua wanawake wawili, mmoja upande huu wa mpaka, wa pili upande ule, hazijapita masaa mengi kipande cha aproni ya yule wa pili chenye damu kikakutwa kimetupwa huku tena kwa polisi wa kwanza. Na ukutani juu yake kuna maneno ya chaki. Unajua walifanya nini? Kamishna akaagiza yafutwe kabla hakujapambazuka, hayajapigwa hata picha, eti watu wakiyaona watawavamia Wayahudi wa mtaa ule. Labda kweli aliokoa watu, labda alifuta ushahidi, mpaka leo watu wanagombana. Mzee akatikisa kichwa akasema "mipaka, binti yangu, mipaka, hata mzigo ukipotea kati ya stesheni mbili ndo basi tena." Mtu mwingine akauliza kwa nini hawakuchukua alama za vidole, nikamwambia polisi wa London wameanza kitengo cha alama za vidole 1901, enzi hizo kisu chenye damu ni kisu chenye damu tu, hata damu ya mtu na ya mbuzi kuzitofautisha ilikua shida. Gizani mle nikasikia mtu anasema "sasa huyu steringi namuonea huruma," na huyo ni yuleyule aliyeuliza kama steringi ni farasi.

Kwa hiyo hapo unaona, kama ni huduma, hawa watu walitupa kitu ambacho nikiwa nyumbani na simu yangu na bando langu sikipati. Nyumbani ningeshajua muuaji ni nani kabla ya dakika ya kumi kwa kutafuta.

Petroli ikaja, jenereta likawashwa (kelele zake zilimeza nusu ya maneno, hilo nalo mliangalie, lisogezeni nyuma ya mashine), tukamalizia. Nusu saa ya mwisho ni kufukuzana tu, vichochoro, bandarini, mizigo, ngazi za mawe, bajaji ya farasi inapinduka, na hatimaye hata fimbo ya mpelelezi kumbe ndani ina upanga, banda likapiga kelele za kutosha miezi. Mtafsiri hapo alikua moto, jasho linamtoka, sauti tatu kwa mpigo, na alikua anajua wapi pa kunyamaza ukasikia viatu kwenye mawe.

Sasa sikilizeni mwisho. Nitausema, asiyetaka arukie aya inayofuata. Mimi nilikua benchi la nne upande wa spika, na Kiingereza nasikia. Kwenye picha, mpelelezi anafika ukingo wa mto, ukungu, mtu kapotea, kabaki na glavu moja mkononi. Daktari anafika anahema. Mpelelezi anamwambia tumempoteza, na huenda hatutajua jina lake. Basi. Barabara tupu, majina yanapanda. Ni mwisho mzuri sana, unakukaa kifuani, na ni mwisho wa kweli maana hakukamatwa. Jamaa yetu akashika maiki akasema, juu ya ile barabara tupu, juu ya majina yanayopanda, "Na asubuhi yake polisi wakamtoa majini akiwa hai, akapelekwa mbele ya hakimu, akakiri yote matano, akanyongwa hadharani, na mpelelezi akarudi nyumbani kunywa chai." Makofi. Miluzi. Watu wamesimama. Kwenye tv anapanda fundi wa taa na mshona nguo za waigizaji, kwenye spika watu wananyonga mtu.

Nilimfuata. Nikamwambia kaka, umetudanganya, pale hakukamatwa. Hakukataa wala hakukasirika, alikua anakunja nyaya. Akasema, "Dada, watu wametoa 500 zao, wamekaa gizani nusu saa, niwaambie muuaji kaenda zake? Nani atarudi kesho?" Nikamwambia ila ndo ilivyokua, mpaka leo hajulikani. Akanyoosha kidole kwenye turubai upande wa mlangoni, akasema na yule mama aliyenikoromea nimwambie hivyo? Nikawa sina jibu la haraka, na mimi kwa kawaida jibu huwa ninalo.

Na kweli natoka, yule mama anasuuza vikombe, kanishika mkono akaniuliza, "binti, eti wamemnyonga yule?" maana umeme ulivyorudi alihamishiwa meza kupisha jenereta mwisho hakuuona vizuri. Nina simu mkononi, kila kitu kimo humo. Nikamwambia ndo walivyosema ndani, mama. Akasema alhamdulillahi akaendelea na vikombe. Mdogo wangu kaniangalia njia nzima mpaka nyumbani bila kusema kitu, mjinga yule, kanikamata mwenyewe.

Basi, kwa anayetaka kwenda. Nyota nne kati ya tano kama utakaa mbele au katikati, tatu kama ukichelewa ukapata benchi la nyuma maana kule nguzo inakata tv nusu. Nenda na khanga au sweta la kukalia. Kina dada nendeni, mbona hakuna mtu aliyenisumbua ukiacha yule mpelelezi wa mawese, na tukiwa wengi hizo sauti za pua zitapungua zenyewe. Choo hakuna, msijidanganye, ni cha nyumba ya jirani na lazima umsalimie bibi kwanza. Kahawa 100, kashata za pale ni za nazi siyo za karanga, bora hata kuliko picha zingine wanazoonyesha. Kama unajua Kiingereza kaa mbali na spika la kushoto, utasikia vitu viwili kwa wakati mmoja na utalala na hasira kama mimi. Kama hukijui kaa popote.

Leo asubuhi nimepita pale kununua unga, ubao umeshafutwa umeandikwa upya: JUMAMOSI, MCHINJAJI WA LONDON SEHEMU YA 2, AFUFUKA KABURINI. Picha yenyewe haina sehemu ya pili, na huyo mtu jana si kanyongwa? Nimemuachia mwenye kibanda 1000 aniwekee nafasi mbili benchi la nne, mimi na mama wa kahawa, kasema akipata wa kumuangalizia meza atakuja kukaa ndani.